Madaftari Matatu na Mgongo Mmoja

Nimestaafu. Wenzangu wa kituo cha afya walinifanyia sherehe, wakanipa kanga doti tatu, blanketi na saa ya ukutani, kana kwamba ndio kwanza naanza kuhitaji kujua saa. Kwenye hotuba niliitwa nguzo, taa na mama wa wote. Mganga mfawidhi, yaani bosi wa kituo, alisoma historia yangu ya kazi kwa sauti ya msibani. Lile jambo la madaftari hakuligusa kabisa, na wauguzi wawili waliokaa nyuma wakatazamana. Sasa nyie vijana wa famasia mmeniomba niwaandikie kumbukumbu zangu. Haya, naandika, na madaftari yamo. Msije mkasema Mama Shija alikula keki akanyamaza.

Vyeo na mishahara naviruka. Cheo changu cha kwanza kilikuja na kiti chenye magurudumu, cha mwisho kikaja na kiti kisicho na magurudumu. Inatosha.

Nilianzia hospitali ya Shinyanga mjini. Mimi ni mtoto wa Mhunze, nimekulia kwenye vumbi la pamba, nikafika na shahada yangu ndani ya bahasha ya kaki na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Dirisha la dawa nilimkuta Mzee Shabani, mtoa dawa wa siku nyingi, mtu wa mjini pale pale ambaye babu zake walitoka pwani na biashara ya nguo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kufanya kazi au kuvaa koti?”

Alinipa sahani ya kuhesabia dawa, ile yenye mfereji pembeni, pamoja na kisu chake butu. Wiki mbili nzima nikahesabu vidonge vitano vitano. Kila nikikaribia hamsini ananisemesha makusudi: “Eti huko Mhunze mvua zimenyesha?” Nikipotea, naanza upya. Nilijua kuchora umbile la penisilini ubaoni, lakini sikujua kumweleza bibi wa Kisukuma ameze dawa mara tatu kwa siku. Nilimwambia ameze kila baada ya saa nane. Bibi akaniuliza, ya mchana au ya usiku? Mzee Shabani akanisogeza pembeni, akamwambia kwa Kisukuma chake cha mjini: ukiamka, jua likiwa utosini, na ukienda kulala. Bibi akaondoka anacheka, mimi nikabaki na shahada yangu.

Siku moja nilimuuliza yeye mwenyewe alisimamiwa na nani alipokuwa anajifunza. “Na wagonjwa,” akasema, akaendelea kufunga mifuko. Hakunijazia fomu hata moja. Alikaa kwenye stuli karibu yangu kutwa nzima, anasikiliza kila ninalomwambia mgonjwa, na nikikosea anakohoa. Mpaka leo mtu akikohoa nyuma yangu nahesabu upya.

Baadaye nikahamishiwa ukanda wa dhahabu, upande wa Geita, kwenye kituo cha afya kilichozungukwa na maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, na makarasha ya kusaga mawe ambayo hayajui Jumapili. Watu wametoka kila kona: Wakurya, Waha, Wamakonde, Wachaga wenye maduka, na sisi Wasukuma ambao tunadhani pale ni kwetu. Magonjwa yenyewe ni mgongo, kifua cha vumbi, macho, na ile dawa ambayo wanaume huiomba kwa kunong’ona siku ya mgao wa mawe, pesa zikiingia. Niliwahi kumwambia mmoja anong’one kwa sauti kidogo, foleni nzima ikajibu kwa niaba yake.

Mfamasia alikuwa mmoja, mimi. Niliangalia kituo cha afya, nikaangalia duka la dawa pale senta, nikaangalia na zahanati ya kijiji cha pili, ambako nilikwenda kwa bodaboda nikiwa nimekumbatia boksi la dawa kama mtoto mchanga. Ukinitafuta sehemu moja, unaambiwa niko nyingine. Wakati mwingine nilikuwa nyingine kweli.

Halafu wakaja wanafunzi wa famasia kwa mafunzo ya vitendo. Mwanzoni walitoka chuo kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, kwa sababu vyuo viliongeza wanafunzi na mahali pa kuwapeleka pakabaki pale pale. Majina ya vyuo nayaficha. Nitaviita kwa rangi ya madaftari ambayo wanafunzi walijazia kazi za kila siku: Bluu, Kijani na Njano. Daftari la Bluu lilitaka alama, kwamba mwanafunzi amepanga rafu, apewe saba kwa kumi. La Kijani lilitaka tiki na maneno machache. La Njano lilitaka mwanafunzi atafakari. Kila jioni anakaa anaandika alichotafakari. Mmoja aliwahi kunionyesha mwenyewe kwa fahari: “Leo nimetafakari kuhusu panya wa stoo.” Nikamuuliza, na panya je, wametafakari?

Wakuu wa vyuo waliona aibu kunijazia wanafunzi bila wao kwa wao kusemezana, wakatangaza ushirikiano. Ushirikiano ukaanza na bango. Bango lilichukua miezi, maana lilikuwa na nembo tatu na kila chuo kilitaka yake ikae kushoto. Mwishowe zikapangwa pembetatu, na waliokuwa chini wakamnunia aliyekuwa juu. Ukiacha bango, kitu pekee walichokubaliana kilikuwa sharti moja: mwanafunzi wa chuo kimoja asione daftari la mwenzake wa chuo kingine. Waliogopa kunakiliana. Na wanafunzi hunakili, jamani, tusidanganyane. Mwaka mmoja wanafunzi watatu wa vyuo vitatu walimhudumia mama mjamzito yule yule mwenye miaka sabini na mbili.

Mimi nilisaini Ijumaa. Nilikuwa na kalamu nyekundu ya wino mzito, zawadi ya mwakilishi mmoja wa kampuni ya dawa. Nafungua daftari, naandika “Vizuri sana”, naweka sahihi, nafungua ukurasa mwingine, “Vizuri sana”, sahihi. Dakika kumi nimemaliza wiki nzima ya watu watatu huku naongea na simu. Naweza kusema nilikuwa nimechoka, kazi ya watu wanne naifanya peke yangu. Ni kweli. Lakini zilikuwepo Ijumaa ambazo sikuchoka, nilikuwa mvivu tu.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na wanafunzi watatu. Kabula alikuwa wa Bluu, mwaka wa mwisho, binti wa Mwadui, mrefu na mbishi, anakuuliza swali huku tayari anapinga jibu. Huyo nilimweka dirisha la dawa la kituo cha afya. Yusufu alikuwa wa Kijani, mtanashati, viatu vinang’aa hata kwenye lile vumbi letu, nikamweka duka la senta ambako aliuza dawa kwa tabasamu. Neema alikuwa wa Njano, mpole mno, nikampeleka zahanati akatafakari. Kabula na Neema walipanga chumba kimoja. Yusufu alikuja pale kula, na mara nyingi alisahau daftari lake lakini hakuwahi kusahau muda wa chakula.

Jumapili moja mchana nimetoka kanisani, nimekaa barazani nimevua viatu, najipepea na gazeti. Kabula akaingia mbio.

“Shikamoo, Mama Shija. Kuna mtu anakufa.”

“Marahaba. Wapi?”

“Humu kwenye madaftari.”

“Umekula wewe?”

Akayabwaga mapajani mwangu, Bluu, Kijani na Njano. Nikapandwa na hasira, si kwa ajili ya mtu anayekufa, bali kwa sababu ya rangi.

“Haya mawili umeyatoa wapi? Unajua sharti linasemaje?”

“Nilikuwa nasubiri michembe iive. Yalikuwa kitandani, nikasoma. Mama, soma na wewe.”

Nikasoma. Kwenye la Bluu, mwandiko wa Kabula: “Paulo Masanja, mchimbaji. Mgongo. Amepewa brufeni. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hakipo. Ameelekezwa ameze baada ya kula. Ameelewa.” Kwenye la Njano, Neema: “Leo nimetafakari juu ya baba mmoja wanayemwita Kamba, ambaye karasha lilikula kidole chake lakini hakukata tamaa. Anachomwa sindano za diklofenaki kwa ajili ya mgongo.” Kwenye la Kijani, Yusufu: “Mteja, Baba Holo, hana kidole kimoja. Mgongo. Kauziwa piroksikamu. Anaonekana mweupe, kauziwa na vidonge vya kuongeza damu.” Siku chache mbele: “Baba Holo karudi. Choo cheusi. Kaelezwa ni kawaida ya vidonge vya damu.”

Nyie mnajua, lakini naandika na kwa ajili ya mama zenu. Brufeni, diklofenaki na piroksikamu ni ndugu wa baba mmoja. Hata moja peke yake hukwaruza tumbo. Ukimpa mtu zote tatu kwa pamoja unamtafutia kidonda kinachovuja damu, na damu ya tumboni hutoka chooni ikiwa nyeusi. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi, kwa hiyo Yusufu hakuwa mjinga. Alikuwa na ukurasa mmoja wa kisa chenye kurasa tatu, na kurasa nyingine mbili alikatazwa kuziona.

Pembeni mwa maandishi ya Yusufu, Kabula alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: “HUYU NI YULE YULE! SI VIDONGE VYA DAMU!” Kwa Neema ameandika: “Acha kutafakari, muulize anameza nini kingine!” Na chini kabisa, kwenye kurasa zote hizo, maandishi mekundu: Vizuri sana. Vizuri sana. Vizuri sana. Na sahihi yangu, ya Ijumaa iliyopita.

“Umeandika kwenye daftari la mtu?” nikamuuliza, maana mdomo ulitafuta kitu chepesi cha kusema.

“Kwa wino,” akajibu. “Penseli sikuiona.”

Tukapanda bodaboda moja wote wawili, mimi katikati nimevaa nguo za kanisani. Tulimkuta kwenye duara, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kamba ya winchi mkononi, kidole kimoja hakuna. Kope zake nilizifunua mwenyewe, ndani zilikuwa nyeupe kama ugali.

“Mwadila, mayu,” akanisalimia kwa sauti ndogo.

“Mwadila. Wewe ni Paulo, ni Kamba, au ni Baba Holo?”

Akaangalia huku na huko. “Punguza sauti, mayu. Inategemea anayeuliza ni nani.”

Akatueleza. Duarani mgonjwa hana zamu. Msimamizi wa duara akisikia jina lako limetajwa zahanati mara mbili, nafasi yako anapewa mwenye mgongo mzima. Kwa hiyo mtu anaugua jina moja hapa, jingine pale, na akirudi kazini ni mzima wa afya. Maskini ya Mungu, alidhani anajificha kwa msimamizi wa duara, kumbe amejificha kwetu sisi.

“Twende hospitali, baba,” Kabula akasema.

“Nikishuka hapa leo, binti yangu, kesho kamba hii anaishika mwingine.”

“Ukibaki hapa, baba, kesho kamba hii anaishika mwingine vile vile.”

Akaiachia kamba. Akasimama, akatapika kitu cheusi mfano wa unga wa kahawa. Msimamizi wa duara, kijana wa Kikurya mwenye mabega kama mlango, alikuja anafoka, akaona, akambeba mwenyewe hadi barabarani. Kutoka kituoni kwetu gari la wagonjwa likamkimbiza hospitali ya mkoa. Aliongezwa damu, chupa baada ya chupa. Yusufu alikwenda kuchangia, akazimia kidogo, viatu vyake vikachafuka, na hakulalamika. Yule baba alipona. Wiki kadhaa baadaye alirudi dirishani kwetu kuomba dawa ya mgongo, akaandikisha jina la nne.

Lakini kabla hajatoka hospitali, wakaja watu wa vyuo. Kilikuwa kikao chao cha ushirikiano, waratibu watatu, bango limetundikwa ukutani, maji ya chupa mezani. Mratibu wa Bluu aliitwa Dokta Mbaga, mtu wa suti na kanuni. Yeye ndiye aliyependekeza wakague madaftari kwanza, na yeye ndiye aliyeona.

“Mgonjwa wa mgongo asiye na kidole,” akasema. “Yumo Bluu. Yumo Kijani. Yumo Njano. Na mwandiko wa mwanafunzi wangu umo mote.” Akaagiza Kabula aitwe.

Kabula alieleza yote, kamesimama wima, kabishi kale kale. Akamaliza. Dokta Mbaga akavua miwani.

“Binti, hospitali inamjua Paulo Masanja. Huyo Kamba na huyo Baba Holo haiwajui. Mmetunga watu wawili kutokana na mmoja, mkagawana. Kanuni iko wazi: aliyeandika kwenye daftari la chuo kingine anafutiwa mafunzo yake yote. Na asiye na mafunzo hahitimu.”

“Muulizeni Mama Shija. Tulikuwa naye duarani.”

“Ni kweli,” nikasema, “tulimkuta huko, na majina yote matatu ni yake.”

“Hapo ndipo ninapokwama, Mama,” Dokta Mbaga akaniambia, kwa heshima kabisa. “Kurasa hizi zote umezisaini wewe, Ijumaa moja, na ukasifu. Mfamasia wa uzoefu wako apitiwe na mtu asiye na kidole mara tatu kwa siku moja, na choo cheusi juu yake, asishtuke? Haiwezekani. Naona unamwonea huruma tu binti, na wazee tuko hivyo. Kwa hiyo ama kurasa hizi ziliongezwa baada ya wewe kusaini, ama hukuzisoma. Ulizisoma, sivyo?”

“Mh,” nikasema.

Hiyo “mh” nimeifikiria sana tangu siku ile. Ni sauti ambayo mtu anaweza kuifasiri anavyopenda, na yeye akaifasiri. Akaandika kitu. Kabula akanigeukia, akanitazama, akasubiri. Nikatazama bango. Mratibu wa Njano akasema tunywe chai kwanza halafu tumalizie uamuzi.

Nje, kwenye chai, kila mtu alinipisha nichukue chapati. Nilibakiza miezi minane kustaafu. Wenzangu walishaanza kunong’ona habari za sherehe, nani atapika, nani atasoma hotuba. Nikajiambia, Kabula bado mdogo, ataomba kurudia, atapewa. Nikajiambia, waratibu hawa wakijua, watafungua madaftari ya miaka yote, nitatoka kazini kwa mlango wa nyuma. Niliogopa, nasema wazi. Nilikuwa na umri wa bibi na nikaogopa kama mtoto aliyevunja kikombe. Kabula alikuwa bombani ananawa mikono, chai hakunywa. Nikamsogelea.

“Usijali, Mama Shija,” akasema kabla sijafungua mdomo. “Yule baba yuko hai. Mengine nitaona.”

Angenitukana, ningemaliza chapati yangu. Alivyosema vile nikaiweka chini, nikarudi ndani wakati wengine bado wanakoroga sukari, nikasimama mbele ya bango lao mpaka wakaja wote.

“Ile ‘mh’ naifuta,” nikasema. “Sikuzisoma.”

“Kurasa hizi tatu?” akauliza Dokta Mbaga.

“Hizi, na za kabla ya hizi, na za wanafunzi wenu wa nyuma. Nafungua, nasifu, nasaini. Huyu binti amesoma mengi zaidi kwa mchana mmoja, michembe ikiwa jikoni, kuliko mimi tangu mniletee wanafunzi. Mkitaka kumfuta mtu, mfuteni anayestahili.”

Mratibu wa Kijani akakohoa, nami bila kutaka nikanyoosha mgongo.

“Na jambo moja zaidi,” nikaendelea, maana nilikuwa nimeshaungua, kujipuliza kwa nini. “Hao watoto walikuwa na jibu zima. Nusu hapa, robo pale, robo pale. Sharti lenu la kufichana ndilo lililokuwa linamuua yule baba, likisaidiwa na kalamu yangu. Mlitia sahihi ushirikiano mkasahau kushirikiana.”

Hapo wakaamka. Wakabishana mpaka adhuhuri, na kwa mara ya kwanza walibishana kuhusu mgonjwa badala ya nembo. Mratibu wa Njano akakiri kwamba hizo tafakari hata yeye huzisoma akisinzia ukutani. Mwishowe wakakubaliana liwepo daftari moja la vyuo vyote, jalada jeupe, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kubeba rangi ya mwenzake. Kila wiki wanafunzi wa vyuo vyote wakae meza moja wasomeane visa vyao kwa sauti. Msimamizi asiandike sifa, aandike swali, na mwanafunzi ajibu. Kabula akabakizwa, akapewa onyo la mdomo kwa kosa la kutumia wino. Dokta Mbaga alimpa mkono, akasema, “Ukihitimu uje unifundishe kusoma,” na sijui kama alikuwa anatania.

Ajenda ya mwisho ilikuwa mimi. Waliniomba nitoke nje kidogo, wakaniita kabla sijafika mlango wa pili. Vyuo vitatu kwa kauli moja, bila hata sauti moja ya kupinga, viliamua nisisimamie tena mwanafunzi yeyote. Walitumia maneno mazuri. Walinishukuru kwa ukweli wangu.

Nilimkuta Kabula kwenye benchi la wagonjwa, amekumbatia daftari lake la Bluu.

“Umebaki,” nikamwambia.

Akafunika uso kwa daftari, mabega yakamtetemeka, nikampa leso yangu. Alipotulia akapenga kamasi, akanyoosha daftari na kalamu.

“Basi nisainie wiki hii, Mama. Ndiyo ya mwisho.”

“Siwezi, mwanangu. Wamenifuta.”

Nikalichukua daftari mkononi. Kusaini siruhusiwi, kwa hiyo nikafanya kilichobaki, nikavaa miwani, nikaanza kusoma kuanzia ukurasa wa kwanza. Foleni ya dawa ikasogea mbele yetu, watu wakapita, nikasoma. Binti alikuwa anaandika vizuri. Nikafika mahali akanyoosha mkono kutaka kufunua kurasa kadhaa kwa pamoja.

“Hapo ruka, Mama.”

“Kwa nini?”

“Niliandika nikiwa na hasira.”

Nikautoa mkono wake taratibu, nikasoma. Ilikuwa siku ya kawaida, katikati ya wiki, mwezi wake wa kwanza kwetu. Ameandika: “Mama amekuja na mtoto mwenye degedege. Dawa sikuwa na uhakika na kipimo chake. Msimamizi hayupo. Nimepiga simu, hajapokea. Mama amesubiri, kisha amembeba mtoto ameondoka. Jina sikuwahi kumuuliza.”

Na chini yake, kwa wino wangu mwekundu: Vizuri sana.